Askari mstaafu na maji ya kijiji: uchambuzi wa kisa kimoja cha utumishi wa umma

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinamhusu askari mstaafu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania aliyerudi kijijini kwao, katika kanda ya kati, na kutumia zaidi ya miaka kumi ya ustaafu wake kusimamia huduma ya maji, kwanza akiwa mwenyekiti wa kamati ya maji na baadaye mwenyekiti wa serikali ya kijiji. Majina ya watu, kijiji, kata na wilaya yameondolewa, na mambo machache yasiyogusa kiini cha habari yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Kimeandikwa kwa ajili ya wenyeviti wa vijiji, watendaji na wajumbe wa kamati za huduma, hasa wale wanaopokea ofisi yenye historia ya fedha kupotea. Wanakijiji walimwita Afande hata baada ya kuvua sare. Hapa ataitwa Mzee.

Usuli

Mzee alijiunga na jeshi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati jeshi lenyewe lilikuwa bado changa, kwa kuwa liliundwa Septemba 1964 baada ya maasi ya Januari mwaka huo kuliondoa lile lililorithiwa kutoka kwa wakoloni. Hakuwa askari wa mstari wa mbele. Alikuwa mtunza stoo, mtu wa kupokea, kuhesabu na kutoa vifaa kwa sahihi, na kazi hiyo ndiyo aliyoifanya pia vitani. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 na kulivunja daraja la Kyaka, na baada ya Mwalimu Nyerere kutangaza vita tarehe 2 Novemba, malori na mabasi ya mashirika ya umma na ya watu binafsi yalikusanywa nchini kote ili kupeleka askari, chakula na mafuta upande wa magharibi ya Ziwa. Kutoka wakati huo hadi Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979, Mzee alikuwa katika mkondo huo wa ugavi, ambako gari lingeweza kuendeshwa na raia asiyemjua mtu hata mmoja kikosini na mzigo ungeweza kupungua njiani bila mtu kuiba waziwazi.

Huko ndiko alikojifunza jambo lililokuja kuongoza kazi yake yote ya baadaye: kwamba hesabu moja haitoshi kamwe. Kinachotoka stoo kiandikwe na anayekitoa, kilichopakiwa kiandikwe na anayekisafirisha, na kilichopokelewa kiandikwe na anayekipokea, kisha maandishi hayo matatu yakutanishwe na mtu wa nne. Alistaafu akiwa na cheo cha Sajinitaji, akarudi nyumbani na pensheni ndogo, mashamba ya uwele na mtama, na ng'ombe wachache.

Kijiji alichokikuta kilikuwa na kisima kirefu, injini ya dizeli aina ya Lister ya kuendeshea pampu, tangi la saruji kilimani na vilula vinne vya kuchotea maji. Mradi ulikuwa umejengwa kwa msaada na kukabidhiwa kwa kijiji. Maji yaliuzwa shilingi 20 kwa ndoo, na fedha hizo ndizo zilizopaswa kununua dizeli na kutengeneza injini. Kwa muda mrefu injini ilikuwa imezimwa kwa kukosa mafuta, ingawa kila mtu alikumbuka kulipia maji hadi siku ya mwisho yalipotoka. Wanawake walikuwa wamerudi kuchimba madimbwi kwenye mchanga wa korongo. Kisera wajibu ulikuwa wa wananchi wenyewe, kwani Sera ya Maji ya Taifa ya 2002, iliyotoka Mzee alipokuwa ameanza kazi, ilisisitiza kwamba jamii za vijijini zimiliki miradi yao na kubeba gharama za kuiendesha. Sera ilitaja umiliki. Ila namna mkulima asiye na mafunzo ya uhasibu atakavyolinda fedha ya ndoo moja moja ilibaki kuwa shida ya kijiji.

Makabidhiano

Mkutano mkuu wa kijiji ulipomchagua kuongoza kamati mpya ya maji, uamuzi wake wa kwanza ulikuwa kukataa kuanza kazi. Alisema hapokei mradi bila makabidhiano ya maandishi, kwa kuwa anayepokea bila kuhesabu anapokea pia upungufu wa mwenzake. Kamati iliyopita haikuwa na daftari kamili, na aliyekuwa mtunza hazina alishindwa kueleza zilikokwenda fedha za miezi kadhaa.

Kulikuwa na shinikizo kubwa la kumpeleka mtunza hazina polisi. Mzee hakukubaliana nalo, na sababu zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kwamba mtu huyo alitoka ukoo mkubwa uliokuwa na kaya nyingi zinazochota kwenye kilula cha kwanza, na kesi ingewafanya waone mradi mzima kuwa silaha ya adui zao. Ya pili ni kwamba kesi ingekula muda ilhali wanakijiji walihitaji maji kabla ya kiangazi kukolea. Akalirudisha suala kwa mkutano mkuu, ambao kisheria unawajumuisha wanakijiji wote wenye umri wa miaka 18 au zaidi na ndicho chombo kikuu cha kijiji, na mkutano ukaamua deni lilipwe kwa awamu, kila malipo yakisomwa hadharani. Mtunza hazina alilipa sehemu kubwa kwa mbuzi na mazao. Sehemu iliyobaki haikulipwa kamwe. Wapo waliolalamika, na malalamiko yao yalikuwa na haki, kwamba aliyekula fedha za umma aliponyoka kwa bei nafuu. Hata hivyo injini iliwashwa msimu uleule, na ukoo ule ukaendelea kulipia ndoo zake.

Daftari tatu

Sehemu hii ndiyo yenye manufaa makubwa zaidi kwa anayesimamia huduma yoyote inayotozwa fedha ndogondogo, kwa hiyo inafaa kuelezwa kwa kina.

Mzee alileta kijijini utaratibu wa stoo ya jeshi. Mwendesha pampu aliandika saa ya kuwasha injini na saa ya kuizima, pamoja na kipimo cha dizeli kilichochukuliwa kwa kijiti mbele ya mjumbe mmoja wa kamati kabla na baada ya kazi. Mjumbe mwingine, anayekaa karibu na tangi, aliandika kimo cha maji asubuhi na jioni kwa alama zilizochorwa ukutani kwa rangi. Mhudumu wa kila kilula aliandika fedha ya siku, ambayo ilihesabiwa mbele ya wachotaji wa mwisho waliokuwa bado kwenye foleni. Watu hao watatu hawakuruhusiwa kuwa wa kaya moja, na hakuna aliyeweza kuyaona maandishi ya mwenzake kabla ya Jumamosi, ambapo kamati iliyakutanisha yote.

Baada ya wiki chache za uangalifu, kamati ilijua injini hunywa dizeli kiasi gani kwa saa, hujaza tangi kwa kimo gani, na kimo hicho ni sawa na ndoo ngapi. Kutoka hapo, upungufu ulianza kujieleza wenyewe. Dizeli ikipungua bila saa za injini kuongezeka, mafuta yanachukuliwa. Saa zikiwa nyingi na tangi halijai, ama pampu imechoka ama saa zimeandikwa za uongo. Tangi likishuka bila fedha kupanda, tatizo liko chini, kwenye bomba au kwenye kilula.

Hali hiyo ya tatu ilijitokeza mapema. Fedha za kilula cha tatu zilikuwa pungufu wiki baada ya wiki, na wanakijiji wakaanza kumnyooshea kidole mhudumu wake, mwanamke mjane aliyekuwa na elimu ya darasa la saba. Kamati ilitaka aondolewe mara moja. Mzee aliomba usiku mmoja. Vilula vyote vilifungwa jioni, kimo cha tangi kikapimwa mbele ya mashahidi, na asubuhi maji yalikuwa yameshuka ingawa hakuna aliyechota. Walifuata bomba hadi walipolikuta limepasuka chini ya mchanga, mahali linapokatiza korongo kuelekea kilula hicho. Jina la yule mama lilisafishwa mkutanoni, kwa sauti ileile iliyotumika kusoma upungufu wake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tukio hili lilionyesha pia kwamba bila daftari mtu mwaminifu hana pa kujitetea, na naamini hilo, zaidi ya hofu ya kukamatwa, ndilo lililowafanya wahudumu wenyewe kuupenda utaratibu na kuulinda.

Matokeo ya kila mwezi yalibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Kwa kuwa wengi hawakuweza kusoma, na kwa kuwa wachotaji wa maji hawana muda wa kwenda ofisini, yalisomwa pia kwa sauti katika kila kilula, siku na saa inayojulikana. Fedha iliyozidi mahitaji ya wiki ilipelekwa benki mjini, kwenye akaunti yenye watia sahihi watatu.

Posho

Katika mwezi wa kwanza wa kazi, Mzee alipendekeza wajumbe wa kamati wasilipwe posho yoyote, naye akawa wa kwanza kusaini kwamba hatadai. Hoja yake ilikuwa kwamba fedha ya maji ni ya maji, na kwamba kamati iliyopita ilianza kuharibika pale wajumbe walipoanza kujilipa vikao. Mkutano ulishangilia. Wakati huo hakuna aliyeona kasoro ya uamuzi huo, na matokeo yake yalichukua miaka kuonekana.

Kiangazi cha 2006 na suala la mifugo

Mzee alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kijiji katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2004, kwa sababu watu walitaka nidhamu ya maji ihamie kwenye ardhi, shule na michango mingine. Mwaka wa mwanzo ulikuwa mzuri. Kisha mvua za msimu wa 2005/2006 zikakawia na kupungua katika sehemu kubwa ya nchi, mabwawa ya kuzalisha umeme yakashuka hadi taifa likaingia kwenye mgawo wa umeme, na katika kanda ya kati malambo ya kunyweshea mifugo yakakauka. Wafugaji wa vitongoji vya pembeni na wa vijiji jirani wakaleta makundi yao kwenye birika la mifugo lililounganishwa na tangi la kijiji.

Hesabu zake zilimwonyesha ukweli: kwa kasi ile, tangi lisingetosheleza watu na ng'ombe, na kisima chenyewe kilianza kutoa maji machache. Uamuzi aliouchukua ulifanana na wa kamanda kambini. Alilifunga birika, akatoa agizo kwamba kundi litakalokutwa hapo litozwe faini, na akawapa mgambo wa kijiji kazi ya kulitekeleza. Hakuitisha halmashauri ya kijiji. Hakuitisha mkutano mkuu, kwa maelezo kwamba hali ya dharura haisubiri kikao.

Agizo hilo lilikuwa na dosari mbili. Ya kisheria ni kwamba kijiji hakina uwezo wa kutoza faini kwa neno la mwenyekiti. Sheria ndogo ya kijiji hupitishwa na halmashauri ya kijiji baada ya wananchi kutoa maoni yao, kisha hupelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa, na hapo ndipo inapokuwa na nguvu. Faini zilizotozwa wiki zile zilikuwa, kwa lugha iliyo wazi, fedha zilizochukuliwa isivyo halali na mtu aliyejulikana kwa uaminifu wake. Dosari ya pili ilikuwa ya kibinadamu. Wafugaji wa vitongoji vya pembeni walikuwa wanakijiji waliolipia maji miaka yote, na sasa walitendewa kama wavamizi.

Ndani ya mwezi mmoja bomba kuu lilikatwa usiku, mara mbili. Mgambo mmoja alipigwa na kuumizwa mkono. Mtendaji wa kata aliingilia kati, na suala likafika ofisi ya mkuu wa wilaya.

Wazee wa pande zote mbili ndio waliolimaliza. Walikaa siku mbili, na walichokubaliana kilikuwa rahisi kuliko mtu angedhani: mifugo inyweshwe usiku baada ya vilula kufungwa, kila kaya ilete ng'ombe wa maziwa na ndama kwanza, makundi makubwa yahamishiwe kwa muda eneo lenye maji ambalo wafugaji wenyewe walilijua, na wenye mifugo wachangie dizeli ya saa za usiku. Mzee aliomba radhi katika mkutano mkuu na kurudisha faini zote zilizokuwa zimeandikwa. Daftari la faini lilikuwepo, kamili, kwa hiyo kila mtu alirudishiwa chake. Ni jambo la kustaajabisha kwamba kosa lake kubwa kuliko yote lilisahihishika kwa sababu ya tabia yake bora kuliko zote.

Matokeo

Wafugaji walimpigia kura 2009, naye akaongoza kijiji hadi 2014. Kwa kipindi hicho chote maji yalitoka, isipokuwa siku za matengenezo, na akiba ya benki iliwezesha injini kufanyiwa ukarabati mkubwa bila kuomba mchango wa dharura. Shule ya msingi ilipata kilula chake. Wilaya iliwaleta viongozi wa vijiji vingine kuja kujifunza.

Katika miaka ya mwisho afya yake iliyumba, na hakugombea tena 2014. Mwaka mmoja haukuisha kabla injini haijasimama. Hakukuwa na wizi mkubwa uliothibitishwa. Kikao cha Jumamosi kiliahirishwa mara moja, kisha mara nyingine, kisha hakikuitishwa tena. Kusoma hesabu kwenye vilula kukakoma. Ufunguo wa banda la injini, ambao kwa miaka yote ulikaa nyumbani kwa Mzee, ukazunguka kwa watu wengi kiasi kwamba hakuna aliyewajibika nao. Akiba ikatumika kwa dizeli hadi ikaisha.

Huduma ilirudi kwa njia nyingine. Mama wa kilula cha tatu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ndiye anayeyakutanisha maandishi matatu ya Jumamosi, alikuwa amehifadhi madaftari yote ya zamani. Baada ya sheria ya 2019 kuanzisha RUWASA, wakala wa serikali wa maji na usafi wa mazingira vijijini, na kuweka utaratibu wa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, kijiji kiliunganishwa na vijiji jirani katika chombo kimoja, naye akaajiriwa kuwa katibu kwa mshahara. Injini ya dizeli imebadilishwa na pampu ya umeme wa jua.

Uchambuzi

Ni rahisi kusema kwamba mradi ulifaulu kwa sababu ya uaminifu wa mtu mmoja na ukaanguka alipoondoka. Maelezo hayo yanamheshimu Mzee, lakini hayatoshi. Utaratibu wa daftari tatu haukuhitaji mtu mwaminifu. Ulibuniwa na mtu aliyeona vitani jinsi mzigo unavyopungua mikononi mwa watu wa kawaida, na ulifanya kazi hata pale wajumbe wengine walipokuwa na tamaa. Kilichohitaji mtu mmoja ni kuuitisha utaratibu huo kila Jumamosi. Kazi ya kuitisha haikuandikwa popote kuwa ya ofisi fulani. Ilikuwa ya Afande, naye aliifanya kwa uthabiti uliowafanya wote wasahau kwamba kuna siku hatakuwepo.

Suala la posho linahitaji kuangaliwa bila kuona haya, kwa kuwa hapa ndipo sifa njema iliposababisha madhara. Mzee aliweza kujitolea kwa sababu alikuwa na pensheni. Mjumbe aliyeacha palizi ili kusimamia upimaji wa dizeli hakuwa nayo. Kadiri miaka ilivyokwenda, wajumbe maskini na wachapakazi walijiondoa kimyakimya, kila mmoja akitoa udhuru wa familia, na nafasi zao zikachukuliwa na wenye maduka au wenye watoto mjini wanaowatumia fedha, ambao hawakuhitaji kuwa pale kila siku. Kamati iliyorithi mradi 2014 ilikuwa ya watu wasiowahi kushika kijiti cha kupimia mafuta. Kama posho ndogo, iliyoamuliwa na mkutano na kusomwa kwenye vilula pamoja na matumizi mengine, ingelipwa tangu mwanzo, nadhani wale waliojiondoa wangekuwepo. Kosa la kamati ya kwanza lilikuwa kujilipa kwa siri. Mzee alitibu malipo yenyewe badala ya siri.

Kuhusu mifugo, wapo watakaosema malezi ya jeshi ndiyo yaliyomponza. Sikubaliani nao kikamilifu. Mtu huyuhuyu, mwenye malezi hayohayo, alikataa kumshitaki mtunza hazina na kulipeleka suala mkutanoni, na aliomba usiku wa kupima badala ya kumfukuza mhudumu. Tofauti ni kwamba katika visa hivyo viwili alikuwa bado hajui jibu, na kutojua kulimlazimu kuuliza. Mwaka 2006 hesabu zilikuwa mikononi mwake na zilikuwa sahihi, na usahihi huo ukamfanya aone kikao kuwa ucheleweshaji. Lakini hesabu zilimwambia tu kwamba maji hayatoshi. Hazikumwambia nani apunguziwe, saa ngapi, na kwa malipo gani. Hayo yalikuwa vichwani mwa wafugaji, na yalipatikana kwa siku mbili za wazee kukaa. Ucheleweshaji wa siku mbili ulikuwa unavumilika.

Uamuzi wa kutokwenda polisi mwanzoni utabaki kuwa na utata. Ulileta maji haraka na kuzuia mpasuko, ila pia uliwafundisha watu kwamba deni la umma linaweza kufifia. Katika kijiji ambacho hakuna ukoo mkubwa upande wa mshitakiwa, sidhani kama ningependekeza njia hiyo.

Chombo kipya kimetatua mambo mawili ambayo Mzee hakuyatatua: katibu na fundi wanalipwa, na kazi ya kukutanisha hesabu ni ya cheo. Kwa upande mwingine, taarifa zake sasa zinakwenda wilayani na nakala hubandikwa ofisini, wakati usomaji wa hadharani kwenye vilula haumo katika ratiba yake. Katibu ameomba taarifa hiyo iwe ajenda ya kudumu ya mkutano mkuu wa kila robo mwaka katika vijiji vyote vya chombo. Baadhi ya vijiji vimekubali na kuanza, na katika vilivyobaki ombi lake bado linasubiri kujadiliwa na halmashauri za vijiji hivyo.